Makabidhiano ya Pikapu ya Zahanati

Mheshimiwa mwenyekiti wa kamati ya maandalizi, waheshimiwa wajumbe wa kamati inayoisimamia kamati hiyo, mkuu wa zahanati, mama mkunga, wazee wetu, kina mama mliokaa juani kwa hiari yenu, na mimi mwenyewe, mgeni rasmi, ambaye itifaki hainiruhusu kujisahau! (Makofi, meza kuu inaanza, uwanja unafuata.)

Leo ninakabidhi pikapu ya kubebea wagonjwa wenu, na si pikapu ya hivihivi, bali ni maildi haibridi. (Minong'ono.) Tulieni, nitawaelimisha. Pale mlipozoea kuona alteneta ya kuchaji betri, wataalamu wameweka mota ndogo iliyounganishwa na injini kwa mkanda, hivyo dereva akipunguza mwendo mota inageuka jenereta na kuchaji betri ya volti arobaini na nane, na akipandisha mlima na mzigo, mota hiyohiyo inaisaidia injini kusukuma, jambo linalookoa mafuta kwa asilimia kumi, na ukijumlisha juhudi zangu binafsi tunafika asilimia mia na nne! (Makofi.) Haichomekwi kwenye umeme, wala mota haiwezi kuliendesha gari peke yake, kazi yake ni kusaidia tu, kama naibu wangu. (Kicheko, naibu anacheka kuliko wote.)

(Mkunga anasimama: "Samahani, baba. Nina mzazi humo ndani, uchungu umemshika tangu jana na mtoto amekaa vibaya. Tupe hilo gari tumwahishe hospitali.")

Mama yangu, hoja yako ni nzuri na imepokelewa katika ngazi ya sera, lakini gari halitoki kabla hotuba haijaisha. (Mguno.) Hebu litazameni turubai hapo nyuma yangu. Mnasikia mngurumo? ("Hapana!") Mnanusa moshi? ("Hapana!") Hiyo ndiyo teknolojia! Haibridi ikisimama, injini inajizima isile mafuta bure, na ikitakiwa kuondoka inawaka kabla hujapepesa macho. Tangu asubuhi haijatumia hata tone! (Makofi machache.)

(Mkunga anavuta turubai. Kina mama wanainuka kuchungulia.)

Naona mama mkunga amezindua kabla yangu, na hilo ni kosa la kiitifaki.

(Mkunga: "Basi tupe hata gari moja la msafara wako!")

Hayo yana viti vya ngozi, mama. Ndugu wananchi, haibridi! ("Hoyee!" ya naibu peke yake.) Matumizi ya mafuta! ("Sifuri!")

Kwa kumalizia, nawashukuru wajumbe waliosafiri ng'ambo kwenda kuitazama picha ya pikapu, na fundi seremala aliyeunga fremu ya mbao yenye urefu na upana uleule, hata turubai likakaa vizuri. Na nyie kina baba mnaotoka na mzazi kwenye machela, Mungu awatie nguvu, ila tembeeni pembeni kabisa ya barabara, msafara wangu unapita.