Jino la Juu, Goti la Chini

Jumatatu, 3 Machi

Nimegundua jambo. Mimi, msusi niliyeacha shule mapema. Bega langu la kulia limepona, na limepona baada ya kung'olewa gego. Zamani kusuka kichwa kimoja kulikuwa kilio. Gego likatoka, shavu likavimba, nikakaa nyumbani wiki nzima bila kugusa nywele za mtu, na leo mkono unapaa wenyewe. Ni jino tu. Sababu nyingine siioni.

Na jambo hili limekuja wakati wake. Mama mkwe analia goti, nasi tunakaa ghorofa ya tatu. Wifi yangu ana nyumba ya chini, haina hata ngazi moja. Amesema Jumamosi anakuja kumchukua mama yake, na safari hii harudi. Sasa mwanangu Bonge atalala kwa nani? Mtoto anajua usingizi mmoja tu, wa mgongoni kwa bibi yake. Wakitenganishwa, sijui nani atalia zaidi.

Bibi haendi popote. Nitamtibu.

Jumanne, 4 Machi

Nimemtegea mama mkwe maji ya barafu, nijue kama ana jino bovu. Kapiga funda moja, kashika shavu la kushoto. Na goti bovu ni la kushoto! Nikamwambia twende kwa daktari wa meno. Akasema meno yake ameyazoea kuliko alivyonizoea mimi, na kwamba goti haliko mdomoni. Hajui mambo.

Alhamisi, 6 Machi

Nilisema anayepelekwa ni Bonge, fizi zinamsumbua. Bibi akavaa viatu kabla yangu.

Kule ndani nikamkonyeza daktari ajue mgonjwa ni nani. Hakuelewa, akadhani jicho linaniuma. Ikabidi niseme. Mama mkwe akaniambia mbele ya watu kuwa akili ninazo, ila hazina breki. Lakini alikuwa ameshakalia kile kiti, na kwake kunyanyuka ni shughuli.

Jino lilikuwa limeoza kweli. Likang'olewa. Nikamweleza daktari ugunduzi wangu. Akasema ni kweli, wenye ugonjwa wa fizi wakati mwingine hukutwa na maumivu ya viungo pia, na wataalamu bado wanachunguza kama kuna uhusiano. Akaongeza kwamba hiyo haina maana kung'oa jino kunaponya goti, goti lina daktari wake, nimpeleke. Mimi nilishika pale mwanzo, aliposema ni kweli.

Jumamosi, 8 Machi

Wifi kaja na mabegi matupu. Akasema mama twende, ngazi hizi zitakumaliza. Bonge alikuwa mapajani kwa bibi, kashika kola yake kwa mikono miwili.

Mama mkwe akainuka. Akampachika mjukuu kiunoni, akatembea mpaka dirishani na kurudi, uso mkavu kama anapigwa picha ya kitambulisho. Akasema goti limepona, kumbe shida ilikuwa jino, na mke wa mwanawe ana kichwa si mchezo. Wifi akanitazama kama nimemroga mama yake. Nikanyoosha shingo. Mabegi yakarudi matupu.

Wifi alipoondoka, mama mkwe akajishusha kwenye kochi taratibu, akaomba kitambaa cha maji ya moto cha kukanda shavu. Nikampa. Nilipopita tena, kitambaa kilikuwa gotini. Nadhani maumivu yanatokea njia ile ile yaliyoingilia. Bonge alikuwa ameshalala, mkono wa bibi mgongoni kwake.

Jumapili, 9 Machi

Mama mkwe sasa anashuka ngazi kinyumenyume, kakumbatia ukuta. Anasema ni mazoezi. Mtu akishapona huwa na mbwembwe.

Saluni nzima ina habari. Wateja nawachungulia mdomoni kabla ya kuwachana, na wawili nimeshawaambia magoti yao yako hatarini.

Asubuhi mume wangu kalalamika mgongo. Nimemwekea glasi ya maji ya barafu mezani, nami nimekaa ninapoliona vizuri shavu lake.