Mkate Ukutani

Jumatatu, 7 Oktoba
Nimeamua. Naacha vifungo! Miaka kumi na minane nahesabu vifungo vya sare za shule katika kiwanda cha Mama Zulfiya hapa mjini Kokand. Imetosha. Jana harusini Hoji Sobir, mwenye hoteli mpya, alinishika mkono akasema milango yake iko wazi kwangu, nije wakati wowote. Meneja wa mapokezi, bila shaka. Mshahara mara mbili. Nimemwambia mke wangu Hosiyat. Kasema Hoji humwambia hivyo kila mtu, hata daktari wa ng'ombe. Kasema pia baridi iko mlangoni na makaa hatujanunua. Nikiipoteza kazi hii tutaota maneno yangu badala ya moto. Hana upeo.

Jumatano, 9 Oktoba
Nimeaga kazini. Kwa heshima zote! Nilidai mkate wa safari: msafiri anaung'ata mara moja, unatundikwa, unamngoja arudi aumalize. Murod wa zipu, anayekimezea mate kiti changu cha karibu na hita miaka yote hii, akauliza kwani naenda jeshini? Hoteli si iko mtaa wa pili, paa lake tunaliona dirishani? Nikamjibu hii ni safari ya maisha, si ya miguu. Nikang'ata. Mama Zulfiya mwenyewe akaupigia msumari juu ya hita. Alikuwa anafuta macho. Murod kasema ni vumbi la ukuta. Sijafika mlangoni, kishakikalia kiti.

Alhamisi, 10 Oktoba
Siku ya kwanza hotelini. Nimevaa suti ya harusi yangu. Vifungo viwili havifungi, aibu kwa mtu wa fani yangu. Hoji kafurahi mno. Kaniketisha mahali pa heshima, mbali kabisa na mlango. Pilau, zabibu, chai. Hakutaja kazi, nami sikutaja. Watu wazima hawakurupuki. Nimekaa mpaka saa kumi. Kazi nyepesi.

Ijumaa, 11 Oktoba
Siku ya pili. Supu. Hoji kaniuliza habari za nyumbani mara tatu. Binti wa mapokezi kauliza nalala chumba namba ngapi. Nimemkazia macho. Nikishika madaraka, huyu atanyooka.

Jumamosi, 12 Oktoba
Leo hakuna chakula. Hoji kanimiminia chai kwa mkono wake, bakuli likajaa pomoni. Najua, najua! Mgeni wa heshima humiminiwa kidogo kidogo. Bakuli likijaa, maana yake kunywa uende zako. Lakini hiyo ni desturi ya wageni. Mimi mfanyakazi! Nikanywa, nikaomba jingine.

Hoji akakohoa. Akauliza kwa upole, "Kaka Ergash, hivi kiwandani hawakuhitaji?" Nikamwambia nimeacha kwa ajili yake. Halafu akasema milango iko wazi, ila nafasi ndiyo haipo. Hata mpwa wake bado anangoja. Akanisindikiza mwenyewe hadi barabarani. Si kila mtu anasindikizwa.

Nikamweleza Hosiyat. Kaenda kufungua banda la makaa, akaliacha wazi nilione. Tupu. Hapo niliogopa kwelikweli.

Jumatatu, 14 Oktoba
Nimekwenda kiwandani. Nilisema nimefuata mwavuli wangu. Hakuna aliyewahi kuniona na mwavuli. Mama Zulfiya akanyoosha kidole ukutani. "Karibu, msafiri. Mkate wako huo umekungoja. Umalize, ndiyo tuongee."

Siku tano juu ya hita! Jiwe. Akina mama wa cherehani wakazima mashine, wote, watazame. Nimetumia mabakuli tisa ya chai na jino moja la nyuma. Murod alihesabu matonge kwa sauti. Makombo nimeokota hadi la mwisho, maana mkate hautupwi. Saa tisa nikamaliza, wakapiga makofi. Kazi nimerudishiwa. Kiti, hapana. Nakaa mlangoni, upepo wote mgongoni mwangu, na Murod ananiita mtalii. Hosiyat kaagiza makaa jioni hiyohiyo, kabla sijabadili nia.

Jumapili, 20 Oktoba
Harusi tena. Nimetafuna upande mmoja. Mwenye kiwanda cha aiskrimu kanishika mkono, kasema nyumba yake ni yangu, nije siku yoyote. Kanishika kwa mikono miwili! Hoji alitumia mmoja tu. Kumbe kosa lilikuwa pale. Baridi yote hii nani anakula aiskrimu? Hakuna. Kazi itakuwa nyepesi tena.

Nimemwambia Hosiyat aoke mkate wa safari. Kauliza mkubwa kiasi gani. Nikamwambia mdogo tu, na atie maziwa mengi usikauke upesi.