Tetesi ya Swali la Kwanza

Jumatatu, 4 Mei
Wiki ijayo narudia mtihani wa uhasibu. Mara ya tatu. Mama mkwe kaniuliza kwa upole kama ni mtihani uleule au sasa wananitungia wa peke yangu. Mke wangu akakimbilia jikoni kucheka. Nikafungua kitabu. Mtu mzima hajibu.

Ofisini, mkuu wetu katangaza: cheo cha mhasibu msaidizi ni cha atakayefaulu, kati yangu na Kikokotoo. Huyo ni jirani yangu wa meza, naye anarudia. Jina kalipata kwa kutembea na kikokotoo hata msalani. Anasoma kila mchana huku anatafuna karanga. Inakera!

Jumatano, 6 Mei
Mkakati! Kwa nini nihangaike kusoma kumzidi, wakati yeye anaweza kusoma pungufu? Nimemvuta pembeni ya mashine ya fotokopi, nikamnong'oneza: swali la kwanza, lile la lazima, ni mtiririko wa fedha. Uchakavu wa mali hautoki kabisa. Akauliza nimejuaje. Nikamwambia asiniharibie kwa watu wangu wa bodi ya mitihani. Akanishukuru mpaka nikaona haya. Kidogo.

Mimi nimejifungia na uchakavu, maana ndio ninaohisi utatoka. Mashine, magari, majengo, vyote vinachakaa mikononi mwangu. Raha!

Jumamosi, 9 Mei
Nimekwenda kunyoa. Wembe uko shingoni, kinyozi kaniuliza kama nimesikia: swali la kwanza ni mtiririko wa fedha. Nikaruka, nusura sikio libaki pale. Nani kasema? Mteja wake. Naye kaambiwa na mtu wa ofisi yetu hiihii, ambaye ana mtu wake wa uhakika huko ndani.

Kumbe ofisini kwetu kuna mwenye mtu ndani! Na mimi nilidhani nadanganya, kumbe nabashiri. Kipaji hicho.

Nimerudi mbio, nimeufunga uchakavu, nimefungua mtiririko wa fedha. Mke wangu kanishangaa. "Mume wangu, si juzi tu umenisimulia ulivyomdanganya mwenzako?"

Nimemwambia haya ni mambo ya kitaaluma.

Jumanne, 12 Mei
Mtihani. Swali la kwanza: uchakavu wa mali. Nikalisoma tena. Nikageuza karatasi, huenda wamekosea kuchapa. Wapi! Basi nikaandika mtiririko wa fedha hivyohivyo, kurasa nne, safi, mistari kwa rula. Mtahini akiuona atajuta kwamba hakuuliza.

Nje nikamkuta Kikokotoo anang'aa. Nikamuuliza kwani hakuniamini?

"Nilikuamini, kaka! Ndiyo maana niliwaambia wote. Ila mimi mwoga, nikasoma na mengine."

Mwoga! Na mtu kama huyo ndiye apewe cheo?

Alhamisi, 2 Julai
Matokeo. Kikokotoo kafaulu, kahamia meza ya dirishani. Mimi bado. Mkuu kanishika bega, akasema nikae nisome tu, njia nyingine hakuna. Maneno mazito. Nimeyatafakari hadi mlangoni kwangu.

Pale mlangoni ndipo nikapata jibu: nina uzoefu mwingi mno, na sina wa kumgawia. Jumatatu nafungua darasa la jioni sebuleni. Tangazo nimeshalibandika getini: "Faulu Uhasibu Mara ya Kwanza". Mwalimu ni mimi.

Watakaorudia darasa watapata punguzo.