Vifungo Kumi na Saba

Jumatatu, 3 Agosti

Shangazi amepiga simu. Likizo hii anataka msichana wa kumsaidia dukani kwake, anakoshona magauni ya harusi. Mmoja tu! Nasi tuko wawili: mimi na binamu yangu anayeishi nasi, Meno Nje. (Namwita hivyo moyoni. Usoni sina ubavu.) Yule hata sindano hajui inatungwa wapi. Mimi nina daftari zima la michoro ya magauni, chini ya godoro. Hajaliona mtu. Shuleni tunasoma kwa lugha mbili, na mimi ni bubu kwa zote mbili.

Mama, bingwa wa mtazamo chanya tangu ile semina ya kazini, ameanzisha shindano. Makopo mawili juu ya friji. Ukinung'unika, unatumbukiza kifungo kwenye kopo lako. Jumapili, mwenye vichache ndiye atakayekwenda kwa Shangazi.

Nikasema si haki. Kifungo cha kwanza.

Jumanne, 4 Agosti

Nimeamua kutabasamia kila kitu. Maji yakakatika nikiwa na povu kichwani. Nikatabasamu. Kaka akauliza kama jino linaniuma. Vifungo vitatu: kimoja cha maji, viwili vya kaka.

Meno Nje alioga kwa kikombe kimoja, akiimba! Mama akamwita mwanga wa nyumba hii. Kwa hiyo mimi ni giza? Sikusema, niliwaza tu. Mama akasema kununa kwangu kunasikika mpaka jikoni. Kifungo.

Alhamisi, 6 Agosti

Mimi kumi na tisa. Yeye sifuri. Sifuri! Hivi mtu huyu hata mbu hamuumi?

Mama alipoingia kuoga, nikapanda kiti. Vifungo kumi na saba vimehama kutoka kopo langu kwenda lake. Nimejibakizia viwili, nisionekane malaika. Dhamiri imenisuta kidogo. Nikaitabasamia.

Ijumaa, 7 Agosti

Mama kaona. Akamuuliza Meno Nje kulikoni. Roho ikaniruka. Meno Nje akafikiri, akasema labda ananung'unika bila kujisikia, atajirekebisha. Akacheka! Mama akamkumbatia kwa unyenyekevu wake. Mimi mwenye viwili kanikumbatia nani?

Halafu Meno Nje akanimegea nusu ya ndizi yake. Mtu wa namna hii utamchukia kwa raha gani?

Jumapili, 9 Agosti

Shangazi kafika, tepu shingoni. Mama akamtangazia kwa fahari kwamba mshindi ni mimi. Moyo ukapiga kama cherehani.

Shangazi akachungulia makopo, akaguna. "Wifi, anayeridhika na kila kitu nimpeleke wapi?" Akasema mwaka jana alikuwa na msaidizi wa namna hiyo, kila kitu kwake kizuri tu. Msaidizi huyo akapitisha gauni lenye mkono mmoja mrefu kuliko mwenzake, bibi harusi akalia mpaka wanja ukafika kidevuni. Huyu wa kumi na saba ndiye mwenye jicho! Akamshika Meno Nje mkono.

Vifungo vyangu! Jicho langu! Neno moja tu lingetosha, lakini neno lenyewe lilikuwa na wizi ndani yake.

Shangazi akanigeukia, akauliza kwa upole kama nami nina chochote cha kumwonyesha. Daftari lilikuwa ndani ya blauzi, linanikwaruza mbavu.

Nikasema hapana, Shangazi, niko sawa tu. Nikatabasamu. Tabasamu langu la kwanza wiki nzima lililoaminiwa na watu.

Mlangoni Meno Nje akaninong'oneza kwamba anaogopa, maana mwenye akili ya nguo ni mimi. Nikamwambia achague mtazamo chanya.

Jumatatu, 10 Agosti

Sasa nimejifunza. Shangazi atarudi Desemba, nami nimeanza mapema. Nimenung'unikia chai, mto, mlango, na kaka anavyopumua. Vifungo ishirini na sita kabla ya saa nne! Mama amesema shindano lilikwisha jana. Nimelinung'unikia hilo pia.

Daftari limerudi chini ya godoro. La kazi gani tena? Kopo linajaa.