Tela la Kumhamisha Mama Mkwe

Jumanne, 4 Machi

Mama mkwe anahama Jumamosi. Nyumba imemzidi tangu baba mkwe atutoke, kapata nyingine ndogo ng'ambo ya mji. Mwanyumba wangu, yule aliyemwoa dada wa mke wangu, kajitolea papo hapo. Bila shaka. Ana pikapu, na mwenye pikapu hujitolea ili watu wasisahau kwamba ana pikapu. Kasema atahamisha kwa safari mbili, polepole. Mama mkwe kamwambia ahsante mwanangu. Mwanangu! Mimi miaka tisa ndani ya ukoo huu, bado naitwa "mume wa yule mdogo".

Nikasimama. Nikatangaza kwamba mimi nitahamisha kila kitu kwa safari moja. Mke wangu akauliza kwa gari lipi. Letu, nikasema, na tela la jirani. Mama mkwe akanitazama kama anavyotazama mawingu siku ya kuanika nguo. Akasema haya, ila kabati la marehemu lifike zima. Marehemu alikuwa seremala, na kabati hilo alimtengenezea walipooana. Nimeapa mbele ya ukoo mzima kwamba litafika bila mkwaruzo. Jumamosi jioni nitaitwa mwanangu, na mwanyumba atatafuta pa kuuficha uso wake.

Jumatano, 5 Machi

Mke wangu kasoma kitabu cha gari. Ana ugonjwa huo wa kusoma maelekezo kabla kitu hakijaharibika. Eti gari letu lisivute zaidi ya kilo mia nne na hamsini, na tela lenyewe limo kwenye hesabu hiyo. Tela! Chombo cha kubebea mzigo nacho kihesabiwe mzigo! Ni sawa na kumlipisha mtu chakula pamoja na sahani. Nimebisha mpaka koo likakauka. Jirani kasema tela lake tupu ni kilo mia moja na hamsini. Zimebaki mia tatu. Jirani naye kumbe ni wa upande wao.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeshinda kwa mama mkwe na mizani yetu ya bafuni. Nikaanza kwa kupanda mwenyewe. Ikaniambia tisini na nne. Upuuzi mtupu. Mimi ni themanini na mbili, na nimekuwa themanini na mbili tangu nioe. Kwa hiyo mizani inazidisha kilo kumi na mbili. Heri nimegundua mapema. Mwanyumba asingegundua.

Napanda na kitu mikononi. Natoa zile tisini na nne. Kisha natoa tena kumi na mbili za uongo wa mizani, kwa kila kitu, maana haki ni haki. Vitu vinapukutika uzito ajabu. Meza ndogo imebaki kilo moja. Kiti cha plastiki kikatoka kilo tisa chini ya sifuri. Nikarudia, tisa ileile. Sayansi yake siijui, lakini namba hazina undugu na mtu.

Jumla, baada ya kukisia kabati na kitanda kwa jicho la huruma: mia tatu na arobaini. Balaa! Nimezidi. Nikakuna kichwa, kisha nikaongeza viti vitano vya plastiki. Mia mbili tisini na tano. Nani kasema sikusoma?

Mke wangu kauliza kwa nini nisipakie viti vitupu, tupae angani. Kejeli ni silaha ya asiyejua hesabu.

Jumamosi, 8 Machi

Tulipakia asubuhi. Kabati nikaliweka nyuma kabisa, ili lishuke kwanza, kwa heshima yake. Mwanyumba akaja na ushauri ambao hakuombwa: vitu vizito visogee mbele, juu ya magurudumu, mzigo ukilemea nyuma tela litayumba. Mtu akinunua pikapu hugeuka profesa. Nikafunga kamba. Nyuma ya gari ikanyanyuka kidogo. Dalili ya wepesi.

Mama mkwe akapanda nasi. Mwanyumba akatufuata na pikapu tupu, eti kwa usalama tu. Tulikwenda vizuri mpaka mteremko wa shule. Hapo tela likaanza kutikisa mkia, kushoto, kulia, na gari nalo likaitikia. Nikakanyaga breki. Gari lilisikia, tela halikupata habari. Likatusukuma mpaka kwenye ua wa michongoma.

Watu wote wazima, namshukuru Mungu. Kabati lilikuwa limelala katikati ya barabara, mlango mmoja umeng'oka na bawaba zake. Mama mkwe alishuka garini. Aliinama akaushika ule mlango, akaufuta vumbi kwa kanga yake, taratibu. Moyo uliniuma kweli. Niliona aibu. Nikamwambia tumeponzwa na mizani.

Mwanyumba akapakia kabati kwenye pikapu, akalifunga kamba mbili, na hilo ndilo tusi kubwa kuliko yote. Mama mkwe akapanda mbele, pembeni yake. Kisha akateremsha kioo, akaniita.

"Mwanangu," akasema, "kama unanipenda, usinisaidie tena."

Mwanangu! Mbele ya mwanyumba! Miaka tisa!

Jumatatu, 10 Machi

Nimetafakari maneno ya mama mkwe siku mbili. Mama akimwambia mtoto wake usinisaidie, maana yake anamwonea huruma asichoke. Mtoto mwenye adabu hakubali.

Nimesikia tangi lake la maji limebaki nyumba ya zamani, na mwanyumba atalifuata Jumamosi. Nitamwahi kesho. Jirani kaninyima tela, lakini shemeji wa kinyozi wangu analo, refu zaidi. Nimepita kulikagua tangi. Lita elfu moja, limejaa mpaka juu. Mke wangu kasema nilimwage kwanza. Nimwage maji safi ya mama wa watu? Tangi lenyewe ni la plastiki, na maji yana uzito gani?