Pingamizi Dhidi ya Paka wa Pili

Kwa Shangazi,
Chumba cha mbele, chenye cherehani.

Kutoka kwa mtoto wa kaka yako,
Stoo.

Shangazi yangu mpendwa,

YAH: KUPINGA KULETWA KWA PAKA WA PILI KATIKA NYUMBA HII

Shikamoo. Nakusudia kuiweka barua hii chini ya kopo la sukari ukiingia kuoga, hivyo natumaini itakukuta salama, tena kabla ya chai.

Najua utashangaa kuandikiwa barua na mtu ambaye akikohoa unamsikia. Nimejaribu kusema kwa mdomo. Kila nikianza unaniambia, "Kula kwanza, baba, utasema ukishiba," na nikishiba ujasiri unakuwa umeshaniacha. Kazini nimefundishwa kwamba jambo ambalo halijaandikwa bado halijasemwa. Ndiyo maana nimeamka alfajiri kuliandika.

Jana tukila ulisema kwamba yule mteja wako, mwalimu uliyemshonea gauni la bluu, ana paka wadogo wa kugawa, na kwamba paka wetu Mheshimiwa amekuwa mpweke, anahitaji mwenzake wa kumchangamsha. Nikauliza kama umeshaamua. Ukasema, "Tutaona."

Shangazi, mimi si mgeni wa neno hilo. Baba alipokupigia simu kuuliza kama ningeweza kukaa kwako nikianza kazi, ulimwambia "tutaona," na nilipofika nilikuta kitanda kimetandikwa na taulo jipya juu yake. Tulipomsikia Mheshimiwa analia mtaroni, ulisema "tutaona" na huku mkono wako mmoja umeshazama mtaroni hadi begani. Katika familia yetu "tutaona" ni uamuzi uliokwisha kupitishwa; kinachobaki ni utekelezaji. Kwa hiyo, kwa heshima zote, naomba kuwasilisha pingamizi langu mapema, kwa hoja zifuatazo.

1. Kuhusu chumba. Nilipofika nilipewa chumba chenye dirisha. Alipofika Mheshimiwa ilionekana kwamba kifua chake kinahitaji jua la asubuhi, nami kwa hiari yangu (nilikuwa kazini wakati kitanda kinahamishwa) nikahamia stoo. Sina kinyongo na stoo. Nimezoea kulala katikati ya marobota ya vitambaa, pamoja na lile sanamu lako la kuvalishia nguo, lisilo na kichwa, ambalo siku hizi naliaga nikitoka. Swali langu ni la kiutawala tu. Paka wa kwanza alinitoa chumbani akanipeleka stoo. Wa pili atanitoa stoo anipeleke wapi? Nimeikagua nyumba. Baada ya stoo kuna mlango wa nje.

2. Kuhusu kiti. Viti vya mezani ni viwili. Kimoja ni chako. Cha pili kilikuwa changu hadi siku ile niliporudi nikamkuta Mheshimiwa amelala juu yake, ukaniambia, "Usimwamshe, maskini, we kaa hapo kwenye ndoo." Tangu hapo nakula kwenye ndoo. Si ndoo mbaya. Lakini juzi mkuu wangu wa kazi aliniita ofisini kwake, akanikaribisha nikae, nami nikakiinamia kiti kwanza kuhakikisha hakina mtu. Akaniuliza, "Kijana, umepoteza kitu?" Je, akija paka wa pili, ndoo itabaki kuwa yangu?

3. Kuhusu kuitwa. Umekuwa ukiniita "baba" tangu nikiwa mtoto, kwa kuwa nimerithi jina la baba yenu, na nilikuwa naona fahari. Sasa Mheshimiwa naye unamwita "baba." Ukisema jikoni, "Baba, njoo ule," tunakwenda wote wawili. Jumatatu nilifika wa kwanza, nikiwa nimenawa mikono, nikakuta sahani iko sakafuni. Ulicheka mpaka ukashika ukuta. Na mimi nilicheka. Ila mimi niliacha kucheka kabla yako.

4. Kuhusu wingi. Kwa sasa nyumba ina wakazi watatu. Mambo yakifikia kuamuliwa, kwa mfano nani apewe kichwa cha samaki, mimi hushindwa kura mbili kwa moja. Hata hivyo nimekuwa nikiishi kwa matumaini kwamba siku moja utaniunga mkono nasi tutamshinda. Akiongezwa wa pili, hata siku hiyo ikifika tutatoka sare, wawili kwa wawili. Na sare katika nyumba hii huamuliwa kwa kumsikiliza anayelia zaidi. Mimi sikulelewa kulia kwa sauti. Unamjua kaka yako.

5. Kuhusu neno "mwenzake." Hoja hii ndiyo iliyoniamsha alfajiri, naomba uisome umekaa.

Mimi niliajiriwa kama mwenzake wa kumchangamsha mtu. Karani mkuu wetu alikuwa amezeeka kidogo, akawa anachoka mchana, mkuu akasema, "Tumletee kijana amchangamshe." Mzee wa watu alinifurahia sana. Alinipa nusu ya meza yake na droo ya juu, ile isiyokwama. Baadaye ikaonekana nahitaji nafasi kidogo kwa ajili ya majalada, akasogea. Ikaletwa mashine ya kuchapishia, akasogea tena. Leo anakaa kwenye korido karibu na mlango, na kazi yake ni kuwaelekeza watu choo kilipo. Hakuna aliyemfukuza. Hakuna aliyemtukana. Kila asubuhi ananisalimia kwa uchangamfu, "Karani, habari za huko ndani!" kana kwamba ndani ni nchi nyingine aliyowahi kuishi.

Basi ulivyosema "mwenzake wa kumchangamsha," Shangazi, kijiko kilinitoka mkononi. Ulidhani ni pilipili.

Nikaona pia kwamba hatari hii haimkabili mtoto wa kaka yako peke yake. Inamkabili Mheshimiwa mwenyewe. Leo yuko kwenye jua la dirishani. Kesho mwenzake ataonekana kuwa na kifua kibaya zaidi. Kwa hiyo kuanzia hapa barua hii naiandika kwa niaba yetu sote wawili. Nilimsomea hoja ya kwanza hadi ya tano naye hakupinga. Amekanyaga ukurasa huu akitoka kunywa maji, na alama unayoiona hapo chini pembeni naomba ihesabiwe kuwa sahihi yake.

6. Kuhusu vizazi vijavyo. Wanasema paka wawili hawasumbui, wanasumbuana wenyewe. Wanaosema hivyo hawajafanya kazi ofisini. Wawili wakishakuwa wawili wataona kazi ni nyingi na wataomba wa tatu. Wa tatu atahitaji msimamizi. Nitakapofikia umri wa kuoa, nyumba itakuwa na paka wa jikoni, paka wa dirishani, paka wa cherehani na paka wa kukaimu wenzake wanapolala. Nami nitamwambia nini mchumba, ambaye kwa sasa sijampata? "Dada, nina kazi, nina tabia njema, na shangazi yangu ana nyumba nzuri ambayo naruhusiwa kuingia ikiwa hakuna kikao"? Atakwenda zake. Ukoo utaishia hapo, na wewe ndiye utakayeulizwa.

7. Kuhusu njia mbadala. Sitaki nionekane mtu wa kupinga tu. Ikiwa tatizo ni upweke wa Mheshimiwa, niko tayari kuwa mwenzake mimi mwenyewe kila nikitoka kazini. Nimeshaanza mazoezi. Juzi ulipokwenda sokoni nilikimbiza uzi kuanzia mlangoni hadi chini ya meza, na ingawa nilijigonga, Mheshimiwa alifungua jicho moja, jambo ambalo halijawahi kutokea kwa jitihada zangu. Fundi wa viatu wa jirani alinichungulia dirishani akasema, "Karani, hayo ndiyo mliyosomea?" Kwa ajili ya nyumba hii nitavumilia mengi.

Shangazi, naomba sasa niseme bila namba. Naogopa. Si paka ninayemwogopa, ingawa ana kucha. Naogopa siku utakapoizungushia macho nyumba hii, ukaona ni nani asiye na ulazima, macho yakatua kwenye ndoo. Mshahara wangu hauwezi kupanga chumba, na hata ungeweza, huko hakuna mtu wa kuniambia nile kwanza. Kama nimekukosea, niambie nijirekebishe. Kama nachukua nafasi kubwa, naweza kulala nimejikunja, nimeshajaribu, inawezekana.

Nawasalimu wateja wako wote, hasa yule mwalimu; mwambie sina ubaya naye wala na paka wake. Nisalimie pia fundi wa viatu, ila usimwambie kwamba nimemtaja. Mheshimiwa nitamsalimu mwenyewe, maana amelala juu ya mguu wangu wa kushoto na umekufa ganzi.

Nikisubiri jibu lako, hata likiwa kali,

mtiifu na mtoto wako,
Karani msaidizi.

Nyongeza: Nilikuwa nimeshaiweka barua hii chini ya kopo, nawe unaimba bafuni, hodi ikapigwa. Ni yule mwalimu, na boksi mkononi. Nikamweleza kwa adabu kwamba suala lina pingamizi na bado halijasikilizwa. Akasema, "Ah, hamna neno, mwanangu. Wenzake wote wameshachukuliwa, amebaki huyu tu, hana rangi ya kupendeza. Nitaona pa kumpeleka."

Nikachungulia ndani. Amejibana kwenye pembe moja ya boksi lote lile, miguu ameikunja chini ya tumbo, mkia ameuvuta ndani usichukue nafasi ya mtu. Hakulia. Aliponiona akasogea zaidi, na pa kusogea hapakuwepo.

Shangazi, sijui nilichomwambia mwalimu. Ninachojua ni kwamba ameondoka mikono mitupu. Sasa hivi paka mwenyewe yuko kifuani mwangu ndani ya shati, ndiyo maana mwandiko umepinda. Hoja ya kwanza hadi ya saba naziondoa zote. Stoo nitampa, ndoo nitampa, na ukiita "baba" tutakuja watatu.

Ila nakuomba, ukitoka bafuni acha kuimba na utembee taratibu. Ndiyo kwanza amepata usingizi.