Ombi la Kukatiwa Intaneti Siku za Kukata Vitambaa

Patrobas Opicho, Fundi wa Nguo,
Kibanda cha mabati ya kijani, njia ya soko la mbuzi,
Kiamaiko, Nairobi.

Kwa Meneja wa kampuni inayotuletea intaneti mtaani.

Mheshimiwa Meneja,

Nakusalimu kwa heshima, wewe pamoja na vijana wako wanaopanda nguzo zetu bila ngazi. Najua wengine hukuandikia wakilalamika kwamba intaneti imepotea. Mimi nalalamika kwamba ipo. Nimeshona nguo hapa miaka ishirini na miwili, na sasa naomba uikate Jumatatu hadi Alhamisi, siku ambazo mimi hukata vitambaa. Sababu zangu ni hizi.

1. Zamani mama akiingia kibandani, nilimtazama mabega, nikamuuliza nguo anaipeleka harusini au kwa mama mkwe, na mtindo ukazaliwa papo hapo kati yetu wawili. Siku hizi simu ndiyo huingia kwanza, mwenyewe anafuata nyuma. Majuzi niliwapima kina mama sita wa kwaya moja. Wote walinionyesha picha ileile ya dada mwembamba kando ya bwawa la kuogelea, na kila mmoja akaninong'oneza, "Fundi, tafadhali usimwonyeshe mtu mwingine." Jumapili wakakutana kanisani. Mimi sikuhudhuria ibada kwa wiki tatu.

2. Mukai, karani wa ghala, alileta picha ya gauni la harusi. Niliitafuta zipu, sikuiona. Nilitafuta mshono, hapana. Nikamuuliza, "Mukai, binti yangu, huyu aliingiaje humu ndani?" Akanijibu, "Fundi, shona kama ilivyo. Usiongeze yako." Nilipomkagua yule mwanamke wa pichani nikakuta mkono wake wa kushoto una vidole sita. Alitengenezwa na kompyuta, Meneja. Hajawahi kuzaliwa, sembuse kuvaa. Nilitii hata hivyo. Siku ya harusi wasimamizi walimshonea Mukai ndani ya gauni kwa sindano ya mkono, na kwa kuwa mwanamke wa kompyuta haketi, gauni nalo halikukubali kuketi. Alisikiliza mahubiri yote akiwa wima. Mchungaji alidhani ni kiu ya neno, akaongeza nusu saa. Baadaye Mukai alilia, nami nikaona haya kwa kunyamaza kwangu. Binti yule ana mabega ambayo fundi huyaota.

3. Kioo changu kimejaa utando wa buibui kwa kutotazamwa. Wateja hujipiga picha, wakaituma, kisha wakasubiri kuambiwa kama wamependeza. Mmoja alinirudishia sketi iliyomkaa barabara kwa sababu watu watatu tu ndio walioipenda huko mtandaoni, na mmoja wao ni mamake.

4. Hili ndilo lililoniuma. Kila asubuhi mbuzi hupita mbele yangu wakienda sokoni, masikio yamelala. Mwaka juzi nilikata kola inayolala vivyo hivyo, upande mmoja mrefu kuliko mwingine, nikamshonea mke wangu Triza. Majirani walimcheka: "Triza, leo umevaa nyama choma?" Mmoja akampiga picha, na kola yangu ikasafiri ulimwenguni ikiniacha hapa.

Mwezi wa tano Nangila, muuza viatu wa Mathare, alikuja mbio na simu yake. "Fundi, niaje! Nishonee hii, imetoka Lagos." Ilikuwa kola yangu ya masikio ya mbuzi, nikamwambia imetoka hapa, kwenye hiki kiti. Alicheka mpaka akaishika mashine asianguke. Basi nikamshonea, kwa mkono uleule na mkasi uleule. Akaigeuzageuza, akasema, "Umejaribu, lakini haijafikia orijino."

Orijino ni mke wangu, Meneja! Alikuwa ameketi pale pale akimenya viazi, kola shingoni. Nangila akamtazama kwa huruma, akamwambia, "Pole, mama. Hata yako ni feki."

Triza hajaivaa tena.

5. Kwa hiyo, iwapo kukata kutawatatiza, nakubali njia ya pili: kila picha ya nguo itakayoingia mtaani ipitie kwangu kwanza niikague mishono. Isiyo na mahali pa kuingilia irudi ilikotoka. Iliyovaliwa na mtu mwenye vidole vya ziada ipelekwe polisi. Na yeyote atakayetamka neno orijino karibu na mke wangu asipate mtandao mpaka aombe radhi.

Wasalimie wahasibu wako, wale wa nguzo, na yule dada wa kwenye simu anayesema tuendelee kusubiri. Mwambie sauti yake ni ya mtu anayefaa kuvaa bluu. Triza anakusalimu pia, ingawa kwa ufupi.

Ndimi wako mwenye sindano mdomoni,
Patrobas Opicho.

Tanbihi: Kabla sijafunga bahasha, amefika Mbinya, mwenyekiti wa kikundi cha kina mama wa Mukuru kwa Njenga, kuagiza sare thelathini. Nilinyoosha mkono nipokee simu yake. Akasema, "Sina picha, Fundi. Buni mwenyewe, tunakuamini." Nimekaa na karatasi tupu tangu saa tatu asubuhi. Tafadhali usikate chochote mpaka Ijumaa, na kama mna intaneti ya kasi zaidi, mtume kijana aje aniwekee leo.